Nilikuwa Mazoezini, Sikimbii Deni

Naandika haya mguu wa kulia ukiwa kwenye maji ya moto na chumvi. Wa kushoto unasubiri zamu, maana beseni kubwa limeloweka sare za shule. Naomba mnijibu swali moja: mama wa watoto watatu akionekana anakimbia barabarani saa kumi na mbili asubuhi, ni lazima awe amefanya jambo?

Aliyeanzisha haya ni nesi. Alinipima presha, akaandika 140 kwa 90, akaniangalia kama amenifuma nadokoa nyama jikoni. "Mama, mazoezi. Dakika 150 kwa wiki, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri." Nikamuuliza kama kubeba ndoo kunahesabika. Akasema hata kazi za nyumbani zinahesabika, ilimradi moyo uende mbio. Basi mimi ni mwanamichezo wa siku nyingi, maana moyo wangu huenda mbio kila LUKU inapoanza kulia usiku.

Baba Kelvin, ambaye zoezi lake ni kutafuta rimoti, akaniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua. Hatua 10,000 kwa siku. Baadaye nikasoma kwamba idadi hiyo haikutoka kwa daktari, ilianzia kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Biashara tu! Halafu simu yenyewe inashinda kwenye chaji sebuleni mimi nikizunguka. Jana nimefua, nimedeki, nimepanda kilima chetu na ndoo mara nne, nimemsaidia Neema hesabu za sehemu mpaka tukalia wote wawili. Usiku simu ikanipa hongera: hatua 312.

Ndiyo maana leo Jumamosi nikasema liwalo na liwe. Nikavaa raba za Kelvin, yuko kidato cha pili lakini ana mguu wa babu yake, nikazijaza soksi. Traksuti chini, dera juu, kwa sababu mimi ni mama mwenye heshima zangu. Simu nikaichomeka kwenye sidiria ihesabu vizuri.

Nilichosahau ni kwamba leo ni siku ya marejesho ya kikoba.

Mama Zai, mweka hazina wetu, alikuwa anafagia uwanja. "Mama Kelvin! Mbona mbio? Unakwenda wapi na leo ni marejesho?" Pumzi ya kumjibu sina. Nikapunga mkono. Kumbe kwa mtu anayekudai elfu themanini na tano, mkono ule ni wa kuaga.

Nikasikia fagio limetupwa. "Mama Kelvin, simama tuongee!" Nami nikiangalia hatua zinavyopanda, 900 hiyo, nitasimamaje? Nikaongeza mwendo. Mbele nikapita kwa mdhamini wangu, anapiga mswaki mlangoni. Mama Zai akamwita, "Mtu wako huyo anaondoka!" Mdhamini hakuuliza mara mbili. Nikitoroka, analipa yeye. Akaingia barabarani na mswaki mdomoni, kanga moja kifuani nyingine mkononi, na sikujua yule dada ana mbio namna ile.

Kijana wa bodaboda akanisogelea taratibu. "Shikamoo mama. Panda nikutoe hapa, utanilipa ukifika." Nikamwambia kwa ishara kwamba nafanya mazoezi. Akatazama nyuma, akaona wawili wenye kanga wanakuja na vumbi, akasema, "Sawa mama, lakini hao wanakupata."

Kwa muuza chapati mtu akauliza, "Kaiba nini?" Nyuma likajibiwa kwa sauti, "Elfu themanini na tano!" Hapo miguu ikaisha nguvu. Jamani, neno kuiba barabarani si la utani. Nikasimama, nikainua mikono juu, nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika: "NAPUNGUZA PRESHA!"

Wakanifikia. Hakuna aliyeweza kusema chochote kwa dakika nzima, tumeinama wote watatu tunahema. Wa kwanza kupata pumzi ni Mama Zai: "Si ungesema." Tukaketi kwenye benchi la mama wa vitumbua. Nikala vitano, na bili nikalipa mimi, kwa kuwasumbua. Simu ilionyesha hatua 2,140.

Narudi nyumbani jasho linanitiririka, Baba Kelvin yuko mlangoni. "Ulifuata maziwa? Mbona huna maziwa?"

Sikumjibu. Nimeamka saa kumi, jamani. Saa kumi! Hakuna hata mmoja aliyeuliza mama alikuwa wapi, bali chai iko wapi, soksi iko wapi, hotpoti la jana nani kaliacha na ugali ndani. Soksi iko mguuni kwangu! Ziko nne!

Kikao cha saa nne nililipa marejesho yote, hela nilikuwa nayo tangu jana. Wakanitoza na faini ya 2,000, kosa ni kuleta taharuki kwa wanachama. Mdhamini ndiye aliyeunga mkono hoja. Halafu Mama Zai akatangaza kwamba presha yake nayo inasumbua, kuanzia Jumatatu atanipitia saa kumi na moja tukimbie wote. Jumatatu hiyohiyo mwalimu wa mdogo ametaka kila mtoto aje na fagio la chelewa, ujumbe kautuma saa nne usiku.

Na raba ya Kelvin imeachama soli. Fundi anataka elfu tatu. Nimenunua gundi ya mia tano, nimeibandika mwenyewe, nimeigandamiza chini ya ndoo ya unga na haitakiwi kuguswa mpaka kesho. Sasa wameanza kuuliza ugali. Ndoo siinyanyui. Leo tunakula wali.