Kanuni za ghorofa: wengi wana mamlaka hadi wapi?

Oktoba 2020, Mahakama ya Rufani ya jimbo la New South Wales, Australia, ilibatilisha kanuni ya jengo la Horizon, mnara wa makazi wa ghorofa 43 huko Darlinghurst, Sydney. Kanuni hiyo ilikataza mtu kuweka mnyama yeyote ndani ya jengo. Familia ya Cooper ilikuwa na mbwa mdogo, Angus. Chama cha wamiliki kilitaka aondolewe. Wao wakadai kanuni yenyewe ni batili. Walishinda mbele ya baraza la mashauri la jimbo (NCAT), wakashindwa kwenye jopo la rufani la baraza hilohilo, kisha majaji watatu wakawapa haki kwa kauli moja. Kwa mbwa mmoja shauri lilipanda ngazi tatu, na naona lilistahili.

Hoja ya chama haikuwa ya kupuuzwa. Kwa sheria za jimbo hilo, kanuni ya jengo haibadilishwi kama zaidi ya robo ya kura zimepinga. Anayenunua nyumba anaweza kuzisoma kanuni kabla ya kutia saini. Wapo walionunua hapo kwa sababu hapana mbwa: mwenye mzio, mwenye mtoto anayeogopa, hata ambaye dini yake inamtaka ajiepushe na mate ya mbwa na hataki kubanana naye ndani ya lifti. Hao nao walitoa fedha zao wakiamini makubaliano yataheshimiwa. Kuwaambia leo kwamba walichokubaliana hakina nguvu ni jambo zito.

Lakini sheria ya jimbo ya mwaka 2015 inasema kanuni isiwe kali kupita kiasi, isiyo ya haki au kandamizi. Jaji Basten, mmoja wa wale watatu, alieleza kwamba kanuni inayombana mwenye nyumba ndani ya nyumba yake lazima iwe inawakinga wenzake na madhara katika matumizi ya nyumba zao au maeneo ya pamoja. Katazo la Horizon halikuuliza kama kuna madhara. Kwa jinsi lilivyoandikwa, hata samaki ndani ya bakuli la kioo alikuwa kosa. Hapo ndipo ninapokubaliana na mahakama: kura ya wengi inaonyesha wanachopenda, haithibitishi kwamba jirani ameumizwa.

Kipimo hiki kina gharama yake, na anayeilipa ni jirani. Katazo likiondoka, ni yeye atakayevumilia kubweka usiku, aandike malalamiko, atafute ushahidi. Marekebisho ya mwaka 2021 yalipunguza mzigo huo kwa kutaja sababu zinazotosha kumkataa mnyama, zikiwemo kelele za kudumu, harufu mbaya ya kudumu, uharibifu wa mara kwa mara wa maeneo ya pamoja na kutishia watu. Ni bora kuliko kumwachia kila mmoja abuni hoja zake, ingawa anayekosa usingizi bado ndiye wa kuanza kulalamika.

Ukodishaji wa siku chache kwa wageni ni suala jingine, na hapa niko upande wa wengi. Mwaka 2017 NCAT iliona kanuni ya kuukataza haina nguvu. Baadaye sheria ikabadilishwa, na sasa wamiliki wanaweza kuukataza katika nyumba ambayo si makazi makuu ya mwenyeji. Madhara yake hayahitaji kutafutwa: funguo mikononi mwa watu wasiojulikana, kila wiki sura mpya kwenye korido, masanduku yakiburutwa alfajiri.

Jambo ambalo ningependa tuliige ni utaratibu wa adhabu. Chama hakitozi faini chenyewe kama mahakama. Kinatoa notisi ya maandishi. Mtu akikaidi, kinaomba NCAT, ambayo inaweza kumtoza hadi dola 1,100 za Australia, na mara mbili yake akirudia ndani ya miezi 12. Mlalamikaji hawi mwamuzi. Uongozi wa jengo unaokata maji au kumzuia mtu getini kwa sababu ya muziki wa juzi unajipa mamlaka yote kwa mpigo.

Hili linatuhusu. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, na Kenya ina ya mwaka 2020 inayowapa wamiliki shirika lao na kanuni zao. Lakini katika ghorofa zetu wengi ni wapangaji. Kanuni zinawabana, huku kura za kuzitunga zikiwa za wenye hati, ambao wengine hawaishi humo. Kwa hiyo anayeandika kanuni za jengo leo aweke mambo mawili: mpangaji apewe nakala kabla ya kulipa kodi ya kwanza, na awe na haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa.