Kinanda hakina kosa, lakini kinakula peke yake

Kila anayetetea taarab asilia, wa kwanza kumlaumu ni mpiga kinanda. Nami ndiye huyo: kinanda cha biti, maikrofoni moja, spika mbili, na harusi inachangamka. Mkono wa kushoto unashika kodi (noti kadhaa kwa pamoja), besi na ngoma za mashine vinafuata vyenyewe, wa kulia unapiga sauti ya fidla. Mwenye shughuli anamlipa mtu mmoja badala ya kundi zima na nauli zake. Sioni haya. Kwa ada wanazotoa watu siku hizi, kundi kamili lingekuja kupiga bure.

Lakini tusidanganyane kwamba ni kitu kile kile. Chukua Bayati, mojawapo ya maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Ukiianzia re, mi yake haipo kwenye kibao cheusi wala cheupe, ipo katikati. Vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Waarabu vina vitufe vya kuishusha robo toni, na ninavitumia. Ila ikishashuka, inabaki pale pale kila nikiigusa. Mpiga fidla huikaza kidogo wimbo ukipanda, huilegeza ukiteremka, wala hafikirii. Halafu zile kodi! Maqam haikuzaliwa nazo, ila biti za mashine zinazidai. Basi nashika noti ya kwanza na ya tano tu, ya kati naiacha, nisije nikaharibu.

Hayo ya sauti nayavumilia. Linaloniuma ni shule. Nadi Ikhwan Safaa ipo Unguja tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Kwenye makundi kama hayo kijana hukaa nyuma ya wakubwa na fidla yake, akikosea wenzake wanamfunika, mpaka mkono uzoee. Nikichukua harusi peke yangu, simnyimi kazi bingwa wa ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, tu, namnyima na yule kijana mahali pa kukosea. Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki cha Zanzibar kilichoanzishwa 2002, inafundisha udi, ganuni na fidla, na Mungu awazidishie. Lakini mwanafunzi akishahitimu atapiga wapi, ikiwa kila ukumbi una mtu kama mimi?

Kwa hiyo siku hizi nikiitwa nataja bei mbili. Ya pili ni pamoja na mpiga fidla na mpiga dumbak, ile ngoma ndogo ya mkono, nami nazima ngoma za mashine ili mwendo umfuate mwimbaji. Wengi wanachagua ya kwanza. Wanaochagua ya pili, mara nyingi kuna bibi wa ukoo aliyeuliza, "Kwani fidla hakuna?"