Muziki Ulitangulia, Majirani Wakafuata

Mwaka 2016 viwanja viwili vya muziki vya Marekani, vyote vya wazi, vilifika njia panda. Irvine Meadows, katika jiji la Irvine, California, ulifungwa baada ya miaka 35: mkataba wa ardhi ulikuwa unaisha, na mwenye ardhi, Irvine Company, alitaka kujenga nyumba. Merriweather Post Pavilion wa Columbia, Maryland, kampuni iliyoumiliki iliukabidhi kwa taasisi ya sanaa isiyo ya kibiashara. Wa kwanza sasa ni makazi ya watu. Wa pili bado unauza tiketi.

Malezi yao hayakutofautiana sana. Miji yote miwili ilichorwa mezani kabla ya kujengwa. Columbia ilizinduliwa 1967, na uwanja wake, kazi ya msanifu majengo Frank Gehry kabla jina lake halijavuma, ukafunguliwa mwaka huohuo. Irvine Meadows ulipofunguliwa 1981, jiji lilikuwa na watu 62,000 hivi. Sensa ya 2020 ilihesabu 307,670.

Ndiyo maana wapenzi wa muziki husema: uliyenunua nyumba ukiuona uwanja, unalalamikia nini? Hoja hiyo ina uzito, ila haifiki mbali. Mji ukikua, waliokuja nyuma ndio wengi, na madiwani huchaguliwa kwa kura. Tena kero ya kelele si kudeka. Sauti ya mwimbaji hufifia njiani. Besi haififii kirahisi, hupenya ukuta na kutikisa kioo cha dirisha. Usiku tulivu, hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu, sauti hupinda na kurudi ardhini mbali kabisa na jukwaa. Vipimo navyo vina hila: desibeli za kipimo cha A, ambazo sheria nyingi hutumia, huipunguzia besi uzito. Mashine inasema kiwango hakijavukwa, na mtoto hajalala. Wote wawili wanasema kweli.

Upande wa fedha, watetezi hutaja hoteli, migahawa, ajira na kodi. Mimi hapo nina shaka. Familia ya jirani ikinunua tiketi, mara nyingi pesa hiyo imetoka kwenye sinema au mgahawa wa mji huohuo. Anayetoka mbali huegesha ndani, hula ndani ya geti kwa bei ya humo, kisha huwasha gari na kwenda zake. Faida halisi, nadhani, haimo kwenye daftari la kodi: mji uliojaa nyumba na maegesho unapata mahali ambapo watu wasiofahamiana wanakaa pamoja kwenye nyasi. Hilo nalithamini, lakini lisiuzwe kwa jina la uchumi.

Foleni ndiyo hesabu rahisi. Watu 16,000, watatu kwa gari, ni magari zaidi ya 5,000 yanayotoka kwa pamoja. Njia moja ya barabara isiyo na taa hupitisha yasiyozidi 2,000 hivi kwa saa.

Kwa maoni yangu, kilichoamua hatima ya viwanja hivi si besi wala foleni, ni nani alishika ardhi na lini alibanwa. Columbia ilimbana mwekezaji mapema. Mpango wa 2010 wa kukuza katikati ya mji uliruhusu nyumba 5,500, na papo hapo ukadai uwanja ukarabatiwe na ukabidhiwe. Nyumba na muziki viliingia katika makubaliano mamoja. Irvine Meadows ulikuwa mpangaji tu, na thamani ya kiwanja ilipopanda, mpangaji alihama.

Mwaka 2017 Irvine ilipata uwanja wa muda wa watu 12,000, karibu na bustani kubwa ya jiji. Nao ulifungwa 2023, na mwaka huohuo baraza la jiji likaachana na mazungumzo na Live Nation, kampuni ya kuandaa matamasha, kuhusu uwanja wa kudumu, malalamiko ya kelele yakiwa mezani. Bustani hiyo ipo kwenye ardhi ya El Toro, kambi ya ndege za kivita iliyofungwa 1999. Wapiga kura wa kaunti walikataa 2002 isigeuzwe uwanja wa ndege za abiria, wakachagua bustani.