Viza yake, hesabu yangu

Jamani, mie nakodisha vyumba viwili tu hapa Jambiani, Zanzibar, lakini wageni wa kukaa muda mrefu wameshanifanya afisa uhamiaji asiye na mshahara. Viza ya kawaida ya Tanzania, ya dola 50, ni siku 90. Siku, si miezi! Ukiingia tarehe 1 Julai ukasema utatoka mwisho wa Septemba, hizo ni siku 92. Hapo naoneshwa bima: "Mbona hii imeandikwa 92?" Ndiyo, ile bima ya lazima kwa wageni wa Zanzibar, ya dola 44, iliyoanza Oktoba 2024 ina siku zake, viza ina zake. (Aliyezipishanisha kwa siku mbili ningependa kumwona uso.)

Kisha wapo wa kuchungulia Mombasa mara moja warudi. Bwana wee, viza hiyo ni ya kuingia mara moja. Ukitoka imekwisha, unalipa upya. Mmarekani ana ya dola 100, anaingia na kutoka mwaka mzima, lakini naye kila safari haizidi siku 90.

Jana saa tano usiku mmoja kanigongea mlango, pasi mkononi, nimhesabie tena. Nikahesabu, kwa vifundo vya vidole.