Kodi ya Majengo Mbeya: Nyumba ya Forest na Vyumba Viwili vya Isanga

Katika Jiji la Mbeya, nyumba ya vyumba vitano yenye uzio na bustani kule Forest hulipa kodi ya majengo sawasawa na nyumba ya vyumba viwili iliyobanana na wenzake mteremkoni Isanga. Kwa kuwa zote si ghorofa, tangu mwaka 2023 kila moja hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, yaani 18,000 kwa mwaka.

Sheria ya kodi ya majengo ya mwaka 1983 ilikusudia jambo tofauti. Mthamini alipaswa kukadiria bei ya jengo sokoni na, pale bei hiyo isipopatikana, kukokotoa gharama ya kulijenga upya kisha kuondoa uchakavu. Thamani hiyo iliingizwa katika daftari la uthamini, na mwenye nyumba asiyeridhika alikuwa na haki ya kupeleka pingamizi.

Wanaotetea kiwango kimoja, kilichoanza kutumika nchi nzima mwaka 2018, wana hoja nzito. Kuthamini nyumba kwa nyumba ni kazi ghali, hasa katika mitaa iliyopanda milimani bila kupimwa, na daftari lisipohuishwa, aliyeongeza vyumba vitatu huendelea kulipia banda la zamani. Kiwango kimoja pia kimeziba mwanya wa mwenye nyumba na mkadiriaji kuelewana pembeni, jambo ambalo si dogo hata kidogo.

Hata hivyo, tuseme nyumba ya Forest ina thamani ya shilingi milioni 200 na ile ya Isanga milioni 15. Shilingi 18,000 ni asilimia 0.009 ya thamani ya ile ya kwanza na asilimia 0.12 ya ile ya pili. Mwenye kidogo anabeba mzigo mara 13 zaidi. Sioni namna ya kuiita hali hiyo haki.

Kisha kuna suala la mita. Nyumba yenye wapangaji wanne wanaochangia mita moja hukumbana na makato pale mmoja wao anaponunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi: ametoa 5,000, uniti zinakuja pungufu, na wenzake wanaonunua baadaye hawaguswi. Mwenye nyumba, ambaye ndiye mdaiwa kisheria, huenda hata hajui kwamba kodi yake imelipwa.

Kwa maoni yangu, si lazima turudie uthamini kamili wa kila jengo. Halmashauri ingeweza kupanga madaraja machache kwa kuangalia ukubwa wa jengo, vifaa vilivyolijenga na mtaa lilipo, ikishirikiana na wenyeviti wa mitaa wanaozijua nyumba zao, kisha orodha ibandikwe ofisi ya mtaa ili kila mtu aone daraja lake na la jirani yake na aweze kulipinga. Msamaha wa mzee wa miaka 60 anayeishi katika nyumba yake ubaki kama ulivyo. Na mkataba wa pango useme wazi kwamba 1,500 iliyokatwa kwenye umeme inapunguzwa kwenye kodi ya chumba ya mpangaji aliyekatwa.