Kina baba nao wakae kikao?

Huku Kibirizi, Kigoma, kuna kina baba wanataka waanzishe kikundi chao, wakae waongelee malezi na stresi za nyumbani, basi imekuwa gumzo, wengine wanasema mwanaume akizidiwa aende kijiweni apige kahawa na bao yaishe.

Kijiwe mi nakipenda na nakaa sana, ila tuseme ukweli, pale tunaongea Simba na Yanga na bei ya dagaa mpaka giza linaingia, sijawahi kusikia mtu anasema jana nimempiga mwanangu kwa hasira zangu mwenyewe na usingizi umekataa.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue, Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, jirani yangu mvuvi wa dagaa aliyezoea kuingia ziwani jioni na kurudi alfajiri akawa nyumbani usiku na mchana, kichanga kinalia, wakubwa wanadai madaftari, mfukoni hamna kitu. Namkuta kakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mtoto mapajani, anaangalia maji. Vipi jirani? "Tupo tu."

Hiyo tupo tu ndo inayonisumbua. Kuna uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliotoka 2010, ulikuta kama baba 1 kati ya 10 anapata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kuanzia mimba ya mwenzake mpaka mtoto anafikisha mwaka. 1 kati ya 10 jamani! Yaani wakiwa kina baba 20 wenye vichanga, wawili hivi wanaumwa na tunawapita tunawasalimia, wanajibu tupo tu. Sheria ya ajira ya 2004 inampa baba siku 3 za likizo ya uzazi, na huyo ni mwajiriwa, mvuvi hata hizo hana.

Upande wa pili nao wana hoja. Mama mmoja kaniambia mkikutana mtatusema sisi tu, na watoto mnamwachia nani? Ni kweli, mzigo wa mama bado ni mkubwa zaidi. Na mtaa wetu mdogo, siri inavuja. Ndo maana naona wawe wachache, kila mtu aseme la kwake na sio la mkewe, na mwenye mtoto aje naye.

Siku za kukutana zipo, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa zao za kuvutia dagaa hazivuti kitu, wako nyumbani tu.