Mjomba na Taa Zake Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, kahawa hata haijashuka kooni, gari limeshaanza kunisema. Ti! Nimezidisha kilomita moja. Ti-ti! Nimekanyaga mstari. Ting! Nimegeuka pembeni kidogo tu, na dashibodi imeniwekea picha ya kikombe, maana yake dereva umechoka, kapumzike unywe kahawa. Na hapo nilikuwa nageukia nini? Kahawa!

Mimi ni dereva wa vifurushi. Mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Ujerumani mwaka wa kumi na moja sasa, na maisha yangu karibu yote yako juu ya barabara moja inaitwa A3. Inaanzia mpakani mwa Uholanzi, inapita Köln, inapita Frankfurt, inakwenda kufia Passau, mlangoni mwa Austria. Nyumbani nina mke, kwenye simu nina mama mkwe, kazini nina bosi. Wasemaji wananitosha. Sikumwomba mtu aniongezee wa nne mwenye magurudumu.

Lakini ndiyo sheria. Tangu Julai 2024, gari lolote jipya linaloingia sokoni Umoja wa Ulaya lazima liwe na kifaa cha kujua spidi inayoruhusiwa na kumkumbusha dereva. Unaweza kukizima, sikatai. Ukizima injini umpelekee bibi wa watu kifurushi chake, ukarudi ukawasha, kimefufuka. Na mimi kwa siku nasimama kwenye milango mia na kitu. Nikimaliza zamu, kidole cha kuzimia kimechoka kuliko mguu wa breki.

Halafu lenyewe kusoma kunalishinda. Mabasi ya safari huku hubandikwa mgongoni duara lenye namba 100, kuonyesha kwamba yameruhusiwa kwenda spidi hiyo. Juzi nimo kwenye matengenezo ya barabara, kibao kinasema 80, mbele yangu basi la watalii. Gari likasoma makalio ya basi, likafurahi, likaniandikia 100. Nikabaki hapo katikati, kibao kinaniambia hivi, makalio yananiambia vile.

Na kile kitufe cha SOS darini, usinikumbushe. Magari ya siku hizi yakigongwa vibaya yanapiga yenyewe 112 kuomba msaada. Kwa kila aina mpya ya gari ni lazima tangu Machi 2018. Jambo jema. Ila mke wangu siku moja alikuwa anafuta vumbi, akakibonyeza kwa kitambaa. Sauti ya kiume ikatoka darini, kwa Kijerumani, ikiuliza kama kuna majeruhi. Mke wangu akasema "Astaghfirullah!" akaruka nje na ndoo yake. Ikabidi niingie mimi kumweleza yule bwana kwamba majeruhi hakuna, kuna usafi.

Sasa hayo yote ni gari kusema na mimi. Kumbe lipo kubwa zaidi: barabara yenyewe nayo inasema na gari, na magari yanasemana yenyewe kwa yenyewe, mimi nimekaa katikati kama mtoto ambaye wakubwa wanampitishia habari juu ya kichwa.

Nilielezwa na Mjerumani mmoja wa kazini, mtu wa kupenda vyuma. Anasema mwezi Juni 2013 mawaziri wa nchi tatu, Uholanzi, Ujerumani na Austria, walikaa wakatia saini kwamba barabara kuu kutoka Rotterdam kupitia Frankfurt hadi Vienna itafundishwa kuongea. Kazi ya kwanza: kuwatahadharisha madereva kuhusu matengenezo. Yale matrela yenye mshale mkubwa wa taa, yanayowekwa nyuma ya mafundi, malori huyavaa kila mara kwa usingizi au simu, na mbele ya trela kuna binadamu wamevaa fulana za rangi ya chungwa. Basi trela linafungwa redio, linatangaza kwenye masafa ya gigahezi 5.9: niko hapa, njia ya kulia imefungwa. Gari lenye sikio linapokea moja kwa moja, bila laini ya simu, bila bando, na linamwambia dereva kabla mshale haujaonekana.

Na magari nayo yanatangaza. Yale yenye kifaa hicho yanaweza kusema hata mara kumi kwa sekunde: niko hapa, nakwenda hivi, naelekea kule. Likifunga breki za ghafla, linapiga ukelele. Nikamuuliza, "Sasa si kila mtu atajua nilipo?" Akasema hapana, gari linabadilisha jina lake kila baada ya muda ili lisifuatiliwe. Nikacheka peke yangu. Nawajua watu Tanga wanaoishi hivyohivyo, hasa siku za marejesho ya kikoba.

Kumbe baadaye nchi nyingine nyingi zikajiunga, tangu 2016 wana jukwaa lao, ili gari la Mholanzi likifika Austria lisisimame linashangaa kama mgeni wa harusi asiyejua upande wa wanawake. Hapo niliwavulia kofia. Kukubaliana nchi na nchi juu ya lugha moja ya kuonyana si mchezo. Mimi na mama mkwe hatujaafikiana hata saa ya kupiga simu.

Ila usidhani wamepatana kote. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa hivi: wengine wanataka magari yaongee kwa jamaa ya waifai, wengine wanataka teknolojia ya simu za mkononi. Tume ya Ulaya ikaandika kanuni iliyoegemea waifai, na Julai 2019 nchi wanachama zikaikataa. Ni kamati ya harusi ile ile, watu wazima wanagombana kikao kifanyike kwenye grupu lipi na mahari hayajatajwa. Wamarekani ndio vituko zaidi. Mwaka 1999 walitenga megahezi 75 za hewa kwa ajili ya magari kuongea. Ikapita miaka ishirini, kiwanja kimeota majani. Mwaka 2020 wakaja na futi, wakamega 45 wakawapa waifai ya majumbani, magari wakabakishiwa 30. Usipoendeleza kiwanja chako unajua kitakachotokea. Kumbe hata cha hewani.

Habari hizi zilinijaa mpaka nikampigia mjomba. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori la mkonge, Korogwe mpaka bandarini Tanga, baadaye akawa anashuka na mizigo hadi Dar. Amestaafu, amebaki na kiti cha uvivu, redio na maoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Huko bado mnaendesha upande usio wenu?"

Nikamweleza yote. Mawaziri watatu, saini, matrela, gigahezi. Akanyamaza kwa muda, nikadhani mtandao umekata.

"Sasa mjomba," akasema, "hiyo redio inasema trafiki wako wapi?"

"Hapana mjomba. Wenye barabara ni serikali, na redio ni yao. Inasema matengenezo, foleni, gari bovu, gari la wagonjwa linakuja."

"Trafiki haisemi?"

"Haisemi."

"Basi ikiharibika msiitengeneze."

Akaanza darasa. Yeye lori lake lilikuwa na taa mbili tu zinazofanya kazi, na zilimtosha. Alinifundisha nikiwa mdogo nimekaa kwenye boneti la ndani, makalio yanaungua kwa injini. Kupiga fulu mara moja: pita kaka, njia nyeupe. Mara mbili: mbele kuna trafiki, ana tochi, amejificha kwenye mwembe. Mara tatu na mkono nje unakandamiza hewa: kuna ajali, au ng'ombe wa watu wamelala lami. Na usiku ukikuta majani mabichi yametandikwa barabarani, mbele limelala lori la mwenzako. Kuanzia Segera hadi Chalinze habari ilikuwa inatangulia, ukifika mahali unaijua. Hakuna waziri aliyetia saini. Hakuna aliyegombania masafa.

Nikamkumbusha jambo moja, kwa adabu. Yale majani watu waliyaacha palepale. Lori limeshaondoka juzi, majani bado yapo, kila anayekuja anafunga breki kwa ajili ya hewa, mpaka watu wakazoea kuyakanyaga. Na siku lori lilipokuwepo kweli...

"Hilo ni kweli," akasema mjomba. "Majani hayakuwa na wa kuyafuta." Kisha akaona amekubali haraka mno, akaongeza, "Lakini hayakuhitaji chaji."

Wiki iliyofuata nikapata nafasi ya kuujaribu muujiza. Gari langu la kazi lililala gereji, bosi akaniazima kigari chake kipya, cha aina ile yenye sikio. Nikiwa A3, upande wa kushoto, kilomita 130 kwa saa, njia nyeupe kama ya peponi, kioo kikaandika: matengenezo mbele. Nikachungulia. Sioni fundi, sioni mshale, naona msitu na anga. Lakini mtu ukiazimwa gari la bosi unakuwa mtiifu. Nikaachia mafuta, 110, 100.

Nyuma yangu alikuwepo baba mmoja na gari la zamani, kubwa, jeusi, la enzi magari hayajajifunza kusema. Yeye hakuambiwa chochote. Alichoona ni mtu mweusi anapunguza mwendo njia ya kushoto bila sababu. Akanipigia fulu. Mara mbili.

Damu ya Tanga haikusubiri tafsiri. Mara mbili! Mguu wenyewe ukaenda kwenye breki. Nikatafuta tochi, nikatafuta mwembe. 90, 85. Yule baba nyuma nusura aingie buti. Akapiga tena mara mbili. Nikasema moyoni, jamaa muungwana kweli huyu, anasisitiza. Nikashika 80, nikafunga vifungo vya shati, nikaweka leseni tayari juu ya kiti.

Ndipo kona ikafunguka, na mshale ukawa pale unamulika, mafundi wamepangana, foleni imesimama. Yule baba akajua kilichokuwepo wakati nami nakijua kwa mara ya pili. Tulisimama tukiwa tumejibana pembeni, yeye kulia kidogo, mimi kushoto, kuacha katikati njia ya gari la wagonjwa kama sheria yao inavyotaka. Vioo vyetu vikakutana. Nikamwinulia mkono kumshukuru kwa taarifa. Akaniangalia hivi, akapandisha kioo.

Sasa sikiliza la jana. Nimerudishiwa gari langu, lile la ti-ti-ti. Niko barabara ndogo ya kijijini, upande mmoja mahindi, upande mwingine ng'ombe wanene wasiojua shida. Nimetoka kupita kamera ya spidi imefichwa nyuma ya pipa la taka, kwa ustadi ambao hata kule Mkata wangeupigia makofi. Mbele naona gari linakuja, linakuja kasi. Huku sheria inasema taa unapiga ukiona hatari, au unapotaka kulipita gari nje ya mji. Ya kamera haimo. Najua kabisa. Lakini mkono huo si wangu, ni wa mjomba, aliufundisha kabla sijajua kusoma. Pa-pa.

Gari lilipokaribia nikaona maandishi ubavuni. Polizei.

Waligeuza, wakanifuata, wakanisimamisha. Mmoja, kijana mwenye ndevu za kupanga, akaniuliza kwa upole sana nilikuwa nawajulisha nini. Nikasema gari langu linapenda kuongea. Akatazama dashibodi, ikalia ti, bila sababu yoyote, tumesimama. Akaniandikia kijikaratasi.

Jioni nikampigia mjomba nipate faraja. Nikamsimulia mwanzo mpaka mwisho. Kwanza akauliza swali la kitaalamu.

"Ulipiga mara ngapi?"

"Mbili, mjomba."

"Mbili." Nikasikia kiti cha uvivu kinalia. "Yaani mjomba, umemwambia trafiki kwamba mbele kuna trafiki. Sasa ulitaka akujibu nini?"